Beberu wa Ndia Kuu

Mji wa Kale, Mombasa
Alhamisi, baada ya alasiri

Mwanaisha mwanangu,

Salamu nitakupa kesho kwa mdomo pale stesheni, kwa hivyo hapa nazipita. Babako alijitolea kuniandikia barua hii kwa herufi za shule, ati isomeke vizuri zaidi. Nimemkatalia. Namjua. Angenipunguzia maneno, na kila anapopunguza angesema amenisaidia. Basi naandika mwenyewe, kwa herufi za Kiarabu nilizofunzwa chuoni, nawe utasoma polepole. Ukiona pahali mstari umepinda, ujue nilikuwa nacheka.

Sikuandikii habari ya sweta wala kufuli ya sanduku. Shangazi zako wamekwisha kutueleza baridi ya Nairobi mpaka nahisi mafua mimi nisiyesafiri. Sasa hivi umekwenda kuwaaga, na najua utarudi na halua na nasaha, na halua ndiyo itakayofika Nairobi.

Mimi nataka kukueleza kwa nini watu wa mtaani huniita Shujaa. Umelisikia jina hilo miaka yote hii, na kila ulipouliza nilikupa jibu la kukuondoa jikoni. Mambo yenyewe yalitokea ulipokuwa Malindi kwa nyanyako, ule mwaka wa mwisho mwisho kabla ya uhuru. Uliporudi ulikuta yamekwisha, limebaki jina. Nilikuwa nimeazimia nisikusimulie mpaka uwe na watoto wako. Lakini umepata kazi ya gazeti, mwanangu, na kazi hiyo haingojei watoto.

Unakumbuka hali ilivyokuwa siku zile. Kila baraza lilikuwa na mabishano. Wako waliotaka mwambao wetu usimame peke yake, wako waliotaka Kenya iwe moja, na wako kama babako, waliotaka kunywa kahawa yao bila ya kuulizwa. Watu walikuwa wakitazamana. Ilisemwa kwamba fujo zitatokea, na kila aliyelisema hilo alimtaja mwingine aliyemwambia.

Katikati ya hayo, mamako mdogo Fatuma akamwoza bintiye Khadija.

Jamaa wa bwana harusi walituletea beberu mmoja mwekundu, mkubwa, mwenye pembe kama mipini ya jambia na harufu iliyotangulia mbele yake. Tulimfunga uani. Mimi nilikuwa jikoni nasimamia pilau, mwiko mkononi, leso moja kiunoni na moja kichwani. Nje kwenye barabara yetu ya Ndia Kuu wanawake walikuwa wakija na ngoma, wamepambwa, sinia za asumini vichwani. Mpiga picha alikuwa amekodiwa na upande wa bwana harusi, kijana wa Kihindi mwenye studio yake hapo karibu. Alikuwa amesimama juu ya kiti katikati ya njia, anawangoja wapigaji ngoma.

Mpishi akaenda uani kumtazama beberu, kisu mkononi. Beberu naye akamtazama mpishi. Sijui walielewana nini, lakini kamba ilikatika.

Alipita jikoni, Mwanaisha. Alipita baina yangu na sufuria. Nikamfuata mpaka barabarani bila ya buibui, leso ya kichwa imeniangukia mabegani, nimeuinua mwiko juu, napiga ukelele kwa nguvu zote alizonijaalia Mungu:

"Beberu yuwatoka! Beberu yuwatoka! Mzuieni!"

Wanawake wakatawanyika. Sinia zikaenda chini. Wengine wakamkimbilia kumkamata, wengine wakamkimbia, na Bi Fatuma, ambaye hajawahi kukimbia tangu azaliwe, akapanda ngazi za nyumba ya watu asiowajua. Beberu alikamatwa karibu na soko la samaki. Tukamrudisha, tukamchinja, tukamla, na mpaka leo sijala nyama tamu kama ile. Usiku ule tulicheka mpaka bi harusi akalia, wanja ukamtiririka, ikabidi apambwe upya.

Asubuhi babako akaja na gazeti la Kiingereza. Aliliweka mbele yangu. Picha ilikuwa yangu, ukurasa wa kwanza. Mdomo wazi, macho nje, mwiko juu. Nyuma yangu wanawake wanakimbia, mmoja ameanguka. Beberu hayupo. Walikuwa wameikata picha chini kidogo ya kiuno changu, na upande wa kulia wameikata pia.

"Wamesema nini?" nikamwuliza.

Akasoma, akitafsiri. Kwamba wanawake wa Mji wa Kale, wakiwa na silaha, walizusha ghasia wakitaka watu wa bara wafukuzwe pwani.

"Silaha gani?"

"Nadhani ni mwiko," akasema. Kisha akaitazama picha tena kwa muda mrefu. "Zainabu, buibui lako liko wapi?"

Nilikasirika, mwanangu. Lakini hasira yangu haikudumu, maana baada ya siku tatu likatoka gazeti jingine, la Kiswahili, la hapa hapa. Picha ile ile, imekatwa vile vile. Juu yake wameandika kwa herufi kubwa: SHUJAA WA MWAMBAO. Wakasema mama jasiri wa Mji wa Kale aliwaongoza wanawake wenziwe wakipaza sauti "Beberu atoke!" Wakaeleza kwamba kwa neno beberu mama huyo alikusudia kila mgeni anayetaka kuitawala pwani, awe wa ng'ambo au wa bara.

Mimi niliyesema "Beberu yuwatoka." Mnyama! Mwenye manyoya!

Lakini sikiza sasa, hapa ndipo ninapotaka usome taratibu. Gazeti hili la pili sikulikasirikia. Watu walianza kuja nyumbani. Mabibi ambao hawakuwa wakinijibu vizuri sokoni walikuja kunipa mkono. Kwenye ngoma nilipewa mkeka wa mbele. Mzee mmoja, ambaye kwa maisha yake yote hakuwahi kuliamkia dirisha letu, alisimama barabarani akasema, "Shikamoo, Shujaa," na alikuwa amenizidi umri kwa miaka isiyopungua ishirini. Nikaitika! Kila nilipotaka kueleza habari ya mbuzi, mtu alinikata maneno kwa sifa, nami nikaona si adabu kumkatiza anayenisifu. Babako akawa ananiuliza kila asubuhi kama Shujaa atakunywa chai ya maziwa au ya rangi.

Katika furaha hiyo nikasahau kuuliza kwa nini Mama Atieno, aliyeikosa harusi kwa kazi ya sokoni, hajaja kwangu tangu siku ile.

Mama Atieno unamjua, lakini hujui tulivyojuana. Uchungu wako na uchungu wa Atieno vilitukuta siku moja, vitanda viwili vilivyokaribiana, yeye mgeni kutoka bara asiyejua mtu mjini, mimi nisiyejua kuzaa. Tulishikana mikono tukalaani waume zetu kwa lugha mbili. Tangu siku hiyo hatujaachana. Yeye na mumewe, aliyekuwa akipakua magunia kwenye maghala ya Shimanzi, walipanga vyumba viwili katika nyumba ya Mzee Swaleh, mtaa wa nyuma yetu. Yeye akawa na meza yake ya mboga Mwembe Tayari.

Nikamfuata huko Mwembe Tayari. Alikuwa akipanga nyanya zilizokwisha kupangwa.

"Mama Atieno, nilikuwekea sahani mpaka wali ukakauka."

Hakuinua uso. "Tumeambiwa tuhame," akasema. "Mwisho wa mwezi."

"Na nani?"

"Mwenye nyumba. Alikuja na gazeti. Alisema, ikiwa hata Mama Mwanaisha ametukataa, yeye ni nani aendelee kutuweka?"

"Mimi nimewakataa? Wapi?"

"Imeandikwa, mama." Sasa akanitazama. "Baba Atieno alisomewa mara mbili. Mara ya kwanza alibisha, akasema huyo si Mama Mwanaisha, namjua. Mara ya pili alinyamaza."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa nakungoja uje uniambie. Siku zimepita."

Nilimweleza pale pale, mbele ya wateja, habari ya beberu tangu kamba hadi kisu. Hakucheka. Alisema ananiamini, lakini imani yake haitamzuia Mzee Swaleh. Nikarudi nyumbani kwa miguu, na watu wawili wakaniamkia Shujaa njiani. Sikumwitikia hata mmoja.

Nikamwambia babako avae kanzu safi. Tukaenda kwenye afisi ya lile gazeti la Kiingereza.

Nilitarajia kukuta shetani. Nikakuta bwana mpole, macho mekundu kwa kukosa usingizi, Kiswahili chake cha kujifunza vitabuni, akatuagizia chai. Nikamweleza. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini, kisha akaona mimi sicheki.

"Bibi," akasema, "picha haisemi uongo. Huyu ni wewe."

"Picha haikusema uongo. Lakini mkasi?"

Halafu akaniambia neno ambalo nakupa wewe kama lilivyo, maana naona ndilo ukweli wa kazi yenu. Akasema, "Tulikuwa tukizingoja fujo. Kila mtu alisema zitakuja. Picha ilipoletwa mezani, hakuna aliyeuliza ni nini. Sote tulidhani tunajua."

Unaona, Mwanaisha? Hakukaa chini akatunga uongo. Habari alikuwa nayo kichwani tangu zamani, ilikuwa inangoja sura tu. Nikaja mimi na mwiko wangu.

Akaahidi kusahihisha. Tulipokuwa tunaondoka akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Na lile gazeti jingine, lililokuita shujaa, wao wamesema nini ulipokwenda?"

Babako akaangalia dari. Mimi nilijishughulisha na kufunga buibui langu, ambalo lilikuwa limefungwa vizuri.

Uongo ulikuwa ule ule, mwanangu. Mmoja ulinijia umevaa matambara, mwingine umevaa hariri. Wa matambara nilimfukuza mlangoni. Wa hariri nilimkaribisha, nikamkalisha, nikamwekea mto. Na yule wa hariri ndiye aliyebebwa mkononi na Mzee Swaleh kwenda kumfukuza rafiki yangu.

Kutoka pale tulikwenda moja kwa moja kwa lile gazeti la pili. Mhariri wake ni mtu wa kwetu, mkewe tumesoma chuo kimoja. Aliinuka kwenye kiti. "Shujaa wetu!" Nikamwambia aketi. Nikamwambia beberu alikuwa mbuzi.

"Bi Zainabu," akasema, akishusha sauti, "kwani tumekutukana? Tumekusifu."

"Nisifuni kwa pilau. Pilau nilipika."

"Lakini watu wamefurahi! Unataka niwaambie walimshangilia mwanamke aliyekuwa akimfukuza mbuzi?"

"Ndiyo."

Hakukubali. Alisema hata kama sikulisema, ningeweza kulisema, na wako wengi wanaolisema moyoni. Babako, ambaye hapendi maneno, akamwambia, "Basi wapige picha hao." Tukatoka.

Gazeti la Kiingereza lilisahihisha kama lilivyoahidi. Mistari miwili, chini ya tangazo la sinema, na jina langu wamelikosea. Babako aliitafuta kwa miwani. Sijamkuta mtu mwingine aliyeiona.

Nikaenda kwa Mzee Swaleh mwenyewe. Alikuwa mtu wa dini na wa heshima, si mkorofi, ndiyo maana yaliniuma.

"Mzee wangu, nimesikia unawatoa kina Atieno kwa sababu yangu. Mimi sikusema lile neno."

"Gazeti limeandika, Bi Zainabu."

"Nami ndiye mwenyewe nakwambia kwa mdomo wangu."

Akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayemwona mgonjwa asiyejijua. "Mdomo husahau," akasema. "Lile limepigwa chapa."

Mwanaisha, nilisimama pale nikajiona kama mzuka. Kulikuwa na Zainabu wawili Mombasa, na yule wa karatasi ndiye aliyekuwa akiaminiwa.

Basi nikaenda studio. Yule kijana mpiga picha aliponiona alitaka kukimbilia nyuma ya pazia. "Bibi, mimi sina kosa, wao ndio walionunua wakakata! Mimi nilimpiga mbuzi! Nilimpiga vizuri sana!" Akatoa picha nzima, na wallahi alikuwa amempiga vizuri. Beberu katikati, miguu minne haigusi chini, ua la asumini limenasa penye pembe moja. Mimi nyuma yake na mwiko. Bi Fatuma juu ya ngazi. Na upande wa kulia, ule waliokata, palikuwa na baraza, na juu ya baraza amesimama mzee mmoja amejibana ukutani, kanzu ameikunja mpaka magotini kwa mikono miwili, miguu yake myembamba wazi mbele ya dunia nzima.

Nikaisogeza picha kwenye mwanga. Nikaitazama ile miguu. Nikautazama uso.

Nilimwomba kijana aikuze, aitie dirishani. Alikubali mbio, nadhani alifurahi mbuzi wake aonekane. Kufikia alasiri watu walikuwa wamejaa mbele ya studio hata wenye mikokoteni wakawa hawana njia. Walicheka, mwanangu, kicheko ambacho mji huu ulikuwa haujacheka kwa miezi. Watu wa mabaraza yanayochukiana walisimama bega kwa bega wakionyeshana ngazi ya Bi Fatuma. Sitakudanganya kwamba wote waliamini. Mmoja alisema kwa sauti kubwa kwamba mbuzi amebandikwa baadaye. Mwingine akakubaliana naye, na hao wawili mpaka leo hawajabadilika. Wengine huwa hivyo. Usipoteze usingizi wako kwa ajili yao.

Mzee Swaleh alikuja kabla ya magharibi, akapenyapenya mpaka mbele, akaiona. Nilikuwa nimesimama kando.

"Mzee wangu," nikamwambia polepole, ili wasisikie wengine, "kumbe ulikuwapo."

"Nilikuwapo," akasema.

"Ulimwona beberu."

"Nilimwona. Alinipita hapa." Akaonyesha goti.

"Sasa mbona ukaamini gazeti?"

Alifikiri kwa haki kabisa, hakutafuta njia ya kutoroka. "Nilidhani," akasema, "mimi nimeona upande wangu tu. Nilidhani fujo zenyewe zilikuwa upande wa pili, na gazeti limeona zote."

Nimelizungusha neno lile kichwani miaka yote hii na bado halijanichosha. Mtu amepitwa na mbuzi kwenye goti lake, na amemkana mbuzi kwa sababu karatasi haikumtaja. Sikumcheka. Mimi pia nilikuwa nimeanza kuinuka kidogo nikiitwa Shujaa, kana kwamba labda, labda, nilikusudia kitu.

Mzee Swaleh hakuniomba picha iondolewe, ingawa nilijua alitaka sana. Alikwenda nyumbani kwake, akabisha mlango wa Mama Atieno, akamwambia mumewe, "Nimekosa. Kaeni." Baba Atieno akamwambia aingie wanywe chai, na Mzee akaingia, kwa mara ya kwanza tangu wawe wapangaji wake. Mama Atieno alikuja kwangu kesho yake na kikapu cha mboga na uso wa kununa. Akanena nami maneno makali kwa kuchelewa kwangu, akayamaliza, kisha akasema, "Sasa nieleze tena vile Fatuma alipanda ngazi." Hapo ndipo alipocheka.

Nilimwambia yule kijana aitoe picha dirishani. Ilikwisha kufanya kazi yake, na miguu ya mtu mzima si tamasha.

Sasa wewe wenda kukaa mezani, na mkasi utakuwa mkononi mwako. Sikuambii usikate. Karatasi ina mwisho na watu wana kazi zao, lazima mtu akate. Nakuomba tu, kabla hujakata, upeleke kidole ukingoni mwa picha ukaulize kilichoko pale. Na habari ikikujia imelingana barabara na uliyokuwa ukiitazamia, iogope hiyo kuliko inayokukera. Wakubwa wako watakuwa na haraka. Hawatakuwa watu wabaya, watakupa chai. Wewe chukua chai na uulize swali lako.

Na watakapokusifu, mwanangu, na watakusifu kwa sababu una akili na Kiswahili chako ni cha kwetu, tazama wanakusifu kwa nini. Mimi nilihitaji nyanya za Mama Atieno kuamka. Sijui wewe utaamshwa na nini, lakini naomba awepo mtu karibu nawe wa kukununia.

Nasikia sauti yako huko chini, unabishana na babako mlangoni. Amerudi kutoka kwa muuza magazeti, na kabla hujafika alipanda kunieleza mwenyewe walichokubaliana na muuzaji huyo: kuanzia juma lijalo awekewe gazeti lako kila siku, hata siku za mvua. Amejiona mzazi mwema kweli. Nimemrudisha akaagize na lile mnaloshindana nalo. Amesema utanuna. Nimemwambia anune mtu, magazeti yaje mawili.

Mamako akupendaye,
Zainabu